Nyumba ya Kumi na Mbili

Binamu yangu Zella Stidham hakuwahi kutunga wimbo wa marehemu kabla ya kujua marehemu huyo alikula nini asubuhi yake ya mwisho. Ndivyo alivyofanya kazi tangu ana miaka kumi na minne. Mtu akifa katika bonde letu la Caney Lick, wenye msiba walimwita. Naye alikuja na karatasi iliyochanwa kutoka mfuko wa unga, akaketi jikoni mwao na kuanza kuuliza: alikula nini, alivaa nini, alipotoka mlangoni alisemaje. Akirudi kwao alitunga beti saba au nane, nazo zikasomwa makaburini watu wakalia mpaka wakatosheka. Wapo waliosema msichana yule anapenda sana misiba ya wenzake. Msiba ulipowabishia hodi wao, walikuwa wa kwanza kumtuma mtu amwite.

Gitaa lake lilinunuliwa na kaka yake Hassel, kwa posta, alipopata mshahara wake wa kwanza wa mgodini. Baba yao hakulipenda. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Wabatisti wa zamani, na kanisani kwetu hakuna kinanda wala gitaa. Mwongoza wimbo anatoa mstari mmoja peke yake, harakaharaka, kisha watu wote wanaupokea na kuuvuta polepole. Mwongozaji ni mwanamume, siku zote. Wakati ule nilikuwa mimi, Denzil, na nilijivuna kwa hilo kuliko inavyompasa Mkristo.

Nataka kumweleza Zella kama alivyokuwa, na siwezi bila kujieleza mimi mwenyewe, maana uchafu ulioingia katika maisha yake ni mimi niliyeuleta.

Novemba sita, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na saba, mgodi wa makaa ya mawe namba nne ulilipuka saa moja na nusu asubuhi. Wanaume kumi na mmoja walikufa. Hassel alikuwa mmoja wao. Wawili walikuwa wana wa Shangazi Mossie Gayheart, kila mmoja na nyumba yake, na hakuwa na wengine.

Kila mgodi una mkaguzi wa gesi. Huyu huingia peke yake kabla ya alfajiri na taa yake, anapita kila chumba mpaka mwisho wa makaa, anapima hewa, na kila anapopima anaandika kwa chaki herufi za jina lake, tarehe na saa. Mchimbaji akifika na kuiona chaki ya leo, anaanza kazi. Asipoiona, anageuka. Mkaguzi wetu alikuwa Arlis Sizemore, mtu mpole, mwenye miguu mirefu, aliyekaa safu ya nyuma kanisani.

Asubuhi ile mimi nilikuwa kazini juu ya ardhi, kwenye mashine ya kuchekecha makaa. Saa tisa na nusu ya usiku nilipita kwenye kibanda cha taa nikamwona Arlis ameketi, kikombe cha kahawa mkononi. Nilijua ukaguzi huanza saa tisa. Kwa hiyo maiti zilipokuwa zinatolewa, na watu wananiuliza niliona nini, nilisema nilichoona. Nikaongeza kidogo. Nilisema: Arlis hakuingia. Aliandika kwenye daftari la ukaguzi akiwa ameketi.

Arlis alijitetea mbele ya tume iliyochunguza mlipuko. Alisema aliingia mapema, saa saba, kwa sababu mkewe alikuwa na uchungu wa kujifungua na yeye alitaka kuwahi nyumbani; nilipomwona alikuwa ameshamaliza vyumba vyote, anasubiri tu kukabidhi daftari. Lakini sehemu yote ile ilikuwa imeporomoka, kampuni ikaijengea ukuta kuzima moto, na chaki zake, kama zilikuwepo, zilibaki ndani. Nani angemwamini? Mtoto wake alizaliwa siku ileile, msichana, na wanawake wawili tu walikwenda kumwona.

Zella alizunguka nyumba kumi na moja. Aliketi katika majiko kumi na moja akauliza maswali yake. Alijua kwamba Hassel alikula biskuti na mchuzi mweupe akaacha nusu, na kwamba mdogo wa wana wa Shangazi Mossie alirudi kutoka njiani kuchukua kofia. Nyumba ya kumi na mbili, ya Arlis, hakuingia. Habari za Arlis nilimpa mimi, naye aliniamini kwa sababu mimi ni damu yake na kwa sababu alikuwa anamlilia kaka yake. Akatunga ubeti huu:

*Arlis kaketi na chaki,*
*kahawa i mkononi,*
*gesi hakwenda kupima,*
*kawatuma kaburini.*

Aliuimba mara ya kwanza kwenye ngazi za mahakama, mbele ya chama cha wachimbaji, na watu walisimama wima kofia mikononi. Baada ya mwezi mmoja aliuimba redioni. Mwaka uliofuata kampuni moja ya Nashville ilimwita ikautoa kwenye sahani ya santuri, na tangu hapo Zella hakurudi tena kuwa mtunzi wa misiba ya bonde. Aliimba kwenye maonyesho ya wilaya, juu ya mapaa ya vibanda katika viwanja vya sinema ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao, kwenye kumbi za vyuo huko Kaskazini ambako vijana wenye ndevu waliketi sakafuni wakimsikiliza kama mhubiri. Alikuwa na nyimbo nyingine, nyingine nzuri kuliko ule. Alitunga wimbo juu ya mikono ya mama yake ambao mimi siwezi kuusikia nikiwa nimesimama. Lakini popote alipokwenda walitaka ule. Ubeti wa Arlis ukifika, ukumbi mzima uliuimba pamoja naye.

Arlis hakuhama. Sijui kwa nini. Pengine kwa ukaidi tu. Kampuni ilimfukuza, akawa anakata miti ya kuegemeza mapaa ya migodi. Kila Jumapili aliketi safu yake ya nyuma na hakuna aliyeketi naye isipokuwa mkewe Nola. Na yule binti aliyezaliwa siku ya mlipuko alikua akiimbiwa ubeti ule kwenye uwanja wa shule. Nililijua hilo. Nilikuwa naongoza nyimbo kanisani, na nililijua.

Miaka kumi na mitatu ilipita. Mwaka wa sabini bei ya makaa ilipanda, kampuni ikaamua kuingia katika sehemu ile iliyofungwa, kwa kutoboa kutoka upande wa pili wa mlima. Mimi wakati huo nilikuwa chini ya ardhi, nikifunga vyuma vya kushikilia paa. Siku ya tatu ya kazi tulivunja tukaingia katika chumba cha mwisho kabisa cha mgodi namba nne. Moto haukufika huko. Nikainua taa nione paa lilivyo, na juu yangu, chaki ikiwa nyeupe kabisa, paliandikwa: *A.S. 6-11-57, saa 8 na robo.*

Kile chumba ni kilomita mbili na zaidi kutoka mlangoni, na njia yenyewe ni ya kuinama. Mtu hafiki pale kwa bahati. Aliyefika pale alipita kila chumba kingine.

Mwenzangu aliuliza kuna nini. Nilimwambia paa liko salama. Nikaketi juu ya makaa, nikasingizia tumbo. Gesi ilikuja baada ya Arlis kupita, kutoka machimbo ya zamani, kama alivyoiambia tume. Kila alichosema kilikuwa kweli, na mimi kwa kikombe kimoja cha kahawa nilimzika akiwa hai.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Nasema wazi kwa sababu ni aibu yangu. Nilikula, nikalala, Jumapili nikaongoza nyimbo. Siku ya kumi na mbili ilikuwa Ijumaa, na Zella alikuwa amekuja nyumbani kwa ajili ya mkutano wa kumbukumbu ambao kila Agosti tunaufanya kwenye makaburi, chakula na mahubiri. Safari hii alikuja na watu wa televisheni. Walitaka kumpiga picha akiuimba wimbo ule kando ya kaburi la Hassel, na Nashville walishamwahidi kuutoa upya.

Nilimkuta jikoni kwa mama yake akichambua maharage. Nilimweleza bila kuketi. Aliacha maharage, akanitazama muda mrefu mpaka nikatamani anipige.

"Umeiona kwa macho yako?"

"Nimeiona."

"Kama ulivyoiona ile kahawa?"

Alisimama akafuta mikono. Akasema twende kwa Arlis, sasa hivi, kabla hatujapata akili ya kuogopa. Tulipofika nilimwambia aingie yeye, mimi nitamsubiri kwenye gari. Akaniambia, "Denzil, ukibaki kwenye gari nitakutungia wimbo, na jina lako nitalitaja." Nikashuka.

Nola alitufungulia mlango akaugeuzia ukuta uso wake. Arlis alikuwa mezani, mkate wa mahindi na mtindi mbele yake. Nywele zilikuwa zimeisha. Zella hakuomba radhi kwanza. Aliketi, mikono magotini, akauliza kama alivyouliza katika zile nyumba kumi na moja: siku ile, Arlis, ulikula nini?

Arlis alitafuna mpaka akamaliza. "Umechelewa miaka kumi na mitatu, binti."

"Najua."

"Sikula kitu. Nola alikuwa anaumwa. Nilitoka saa sita na nusu na njaa yangu. Kile kikombe cha kahawa ndicho kitu cha kwanza kuingia tumboni." Akanigeukia mimi. "Ungeniuliza siku ile ningekwambia, Ndugu Denzil. Tungekunywa wote."

Nilimweleza habari ya chaki. Nilipofika kwenye saa nane na robo, Nola alishika ukingo wa meza akaanza kulia kimyakimya, lakini Arlis hakubadilika uso. Alisema anajua aliandika nini, hahitaji mtu wa kumsomea. Hapo Zella akasema ataacha kuuimba ubeti ule, na anamwomba msamaha, na mimi pia nikaomba. Mzee alituacha tumalize.

"Hukunitukana jikoni mwangu, Zella," akasema. "Ulinitukana mbele ya watu. Msamaha wa jikoni sina pa kuuweka."

"Unataka nini?"

"Nitakuwepo Jumapili. Huwa nakuwepo kila mwaka." Akaurudia mkate wake.

Jumamosi nzima Zella alitunga. Nilimkuta nyuma ya ghala, mfuko wa unga umechanwa vipandevipande miguuni pake. Nilimwambia aimbe tu ubeti mpya na gitaa lake, watu wa televisheni wapo, utasikika nchi nzima. Akatikisa kichwa. Alisema akiimba yeye peke yake watu watasikiliza, watakunja mikono, na watarudi nyumbani na ubeti wao wa zamani. Anataka uwatoke wao kinywani. Kwetu mstari ukishatolewa, unapokewa. Sijawahi kuona ukiachwa chini. Kwa hiyo alitaka uongozwe kama wimbo wa kanisa, bila gitaa, na kwa hiyo alinitaka mimi.

Nilimwambia wazi: wakikataa kupokea, siongozi tena kanisani. Hakuna kurudi nyuma baada ya hapo.

"Na mimi Nashville wataniacha," akasema. "Tutakuwa wawili."

Jumapili palikuwa na joto. Watu walikuwa kama mia mbili, wamekaa kwenye mabenchi ya mbao kati ya makaburi. Wahubiri watatu walihubiri. Watu wa televisheni walikuwa wameweka mashine zao kando ya uzio, na kijana wao mmoja alikuwa ameshika gitaa la Zella tayari. Arlis na Nola walikuwa nyuma kabisa, karibu na lango, na benchi lao lilikuwa tupu pande zote mbili.

Mhubiri wa tatu alipomaliza, alisema sasa familia ya Hassel ina wimbo. Zella alisimama mikono mitupu. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia. Alisema aliimba jambo lisilo kweli juu ya mtu mmoja, kwamba chaki ya mtu huyo imeonekana katika chumba cha mwisho, na kwamba aliyeiona yupo hapa.

Nikasimama. Nilisema niliiona, na nikasema kwamba maneno ya kwanza yalikuwa yangu.

Yakaanza manung'uniko. Bige Noble, aliyempoteza baba yake, alisimama kwenye benchi lake. "Imba ule wenyewe, Zella! Nashville wamekufundisha lini kuwasafisha wenye hatia?" Wengine wakaitikia. Mwanamke mmoja akasema kama si Arlis, basi nani? Kumi na mmoja wamekufa, basi nani? Hilo ndilo lililokuwa linawauma. Miaka kumi na mitatu walikuwa na mtu wa kumchukia, anakaa umbali wa kurusha jiwe, na sisi tulikuja kuwanyang'anya.

Zella alinitazama. Nikatoa mstari wa kwanza.

*Arlis kaingia ndani.*

Hakuna aliyepokea. Zella peke yake aliupokea, akauvuta polepole kwa ile sauti ya zamani ya kanisa, na ilikuwa aibu kuisikia, sauti moja mahali pa sauti mia mbili. Bige aliketi, mikono ameikunja, anatazama chini. Nikatoa wa pili.

*Hadi chumba cha mwishoni.*

Zella tena, peke yake, na mwishoni sauti ikamkatika. Moyoni nilisema basi, imekwisha. Ndipo Shangazi Mossie Gayheart, mwenye miaka sabini na minane, aliposhika benchi la mbele yake akajiinua. Hakumtazama mtu. Alifungua kinywa akaudaka mstari pale Zella alipouangusha, akauvuta mpaka mwisho, sauti yake mbovu, imejaa makohozi, mama wa maiti wawili.

Sikumpa mtu nafasi ya kupumua.

*Mimi ndiye nilokosa.*

Walipokea. Si wote. Nusu pengine, wanawake kwanza, kisha waume zao shingo upande, na kila aliyeimba alilazimika kusema mimi. Bige hakuimba mpaka mstari wa nne.

*Nikamtupa shimoni.*

Nilimsikia akiimba, na alikuwa analia kwa hasira. Mimi nilikuwa nalia tangu zamani.

Arlis hakuimba. Alisimama akamsaidia Nola kuinuka, akavaa kofia, wakapita katikati ya makaburi kwenda kwenye meza za chakula, akachukua sahani kama mtu mwingine yeyote. Watu walimpisha. Mtu mmoja akamkatia kuku. Hakuna aliyesema neno, na sidhani alikuwa na haja nalo.

Watu wa televisheni hawakuonyesha chochote. Walisema sauti haikuwa safi na walikuwa wametaka gitaa. Nashville walimwandikia Zella barua: sahani itatoka upya na ubeti wa zamani, maana mkataba unawapa haki hiyo, na kama hataki kuuimba jukwaani basi wao nao hawana kazi naye. Hakuuimba tena hata siku moja. Nilimwona mwenyewe kwenye maonyesho ya wilaya, watu wanapiga makofi na miguu wakiutaka, naye amesimama anasubiri wachoke, kisha anaimba ule wa mikono ya mama yake kwa nusu ya watu waliobaki. Miaka kumi na saba aliishi hivyo. Aliimba mashuleni, kwenye harusi, kwenye migomo. Aliwaandikia watangazaji kila mwaka, mmoja mmoja, kwa mkono, akiwaomba waiache sahani ile. Wengine walimjibu kwa heshima. Wimbo haukuwa wake tena, na hilo lilimla kuliko kifua kilichomuua.

Alikufa Februari ya mwaka wa themanini na nane. Nilikuwa kwenye gari nikienda kuagiza jeneza niliposikia redio ya mjini ikisema itampa saa nzima. Wakaanza na ule. Sikufikiri, niligeuza gari nikapanda kwa Arlis, nikidhani nitawahi.

Nola alikuwa amekwisha kufa. Arlis alikuwa mezani peke yake, redio iko wazi mbele yake, na ubeti wa tatu ulikuwa unaisha. Uliofuata ulikuwa wake. Nilinyoosha mkono niizime, akanishika kifundo. Alikuwa na miaka themanini na mshiko wa mkata miti.

"Wacha."

Tukausikiliza wote wawili mpaka mwisho, jina lake, chaki, kahawa, kaburi. Zella alikuwa na miaka ishirini na sita katika sahani ile. Ulipokwisha, mtangazaji akasema kwamba huyo ndiye Zella Stidham, mwanamke aliyesema kweli bila kumwogopa mtu.

Arlis aliniachia mkono.

"Ni kweli alisema," akaniambia. "Ila hawa hawakuwepo makaburini."